Muhuri wa Sikioni

Jumatano, 9 Julai
Nimeanza kazi leo, na daftari hili nimelinunua stendi ya Kitengela nikirudi nyumbani. Miaka tisa nilikuwa karani wa kiwanda hadi walipotupunguza, na tangu Februari nimekuwa nikipanga kabati langu la vyombo kwa herufi za alfabeti. Sasa nimepata mahali pa kupanga vitu vya maana.

Kampuni ni ya Soipan. Anapeleka wageni kutembea kwa miguu kutoka Ngong hadi Namanga, wakifuata njia ya zamani ya kuhamisha ng'ombe. Wakifika Namanga wanavuka mpaka na kuendelea na kiongozi wa upande wa Tanzania hadi chini ya Kilimanjaro. Kazi yangu ni karatasi zao: pasipoti, vibali, chanjo, bima.

"Purity, mimi najua ng'ombe na watu," Soipan aliniambia. "Karatasi sijui. Mgeni wa kwanza akivuka Namanga bila shida, nakuandika kazi ya kudumu. Akikwama, tunaachana kwa amani."

Hiyo amani haikunifurahisha hata kidogo.

Nilimpigia mama Bungoma kumweleza. Akauliza kwa nini mtu apande ndege kutoka Ulaya aje atembee kwa miguu. Nikamwambia nitamuuliza mwenyewe.

Ijumaa, 11 Julai
Mgeni wa kwanza amefika. Anaitwa Halina, Mpolandi, mwalimu mstaafu wa miaka sitini na minane. Yuko Kenya tangu tarehe 13 Mei, amekuwa akipanda na kushuka milima ya Nyeri. Kibali chake ni cha siku tisini, na siku ya tisini ni Jumapili tarehe 10 Agosti. Nimeizungushia duara jekundu kwenye kalenda ya ukutani, kisha nikaongeza la pili ili lisidharauliwe.

Nilimuuliza lile swali la mama. Akasema goti lake la kushoto litapasuliwa Oktoba, na daktari amemwambia hii ndiyo safari yake ndefu ya mwisho. Anataka kuvuka mpaka kwa miguu yake mwenyewe. "Si kwa gari wala kwa pikipiki," akasema. "Kwa miguu, Bi. Purity. Mara moja tu maishani mwangu." Nilimwonea huruma na nikampenda papo hapo, jambo ambalo si kawaida yangu.

Kiswahili chake amekisoma kitabuni. Anamwamkia kila mtu "Shikamoo". Alimwamkia hivyo msichana anayetuletea chai, na msichana akaweka birika chini akakimbia.

Kiongozi wake wa njia ni Sironka, mtu wa Ilbisil, mwenye umri kama wa miaka hamsini. Alikuja ofisini bila kalamu. Nilimpa ratiba atie sahihi, kila siku na mahali pa kulala. Akaisoma polepole.

"Na tukialikwa mahali?"

"Ratiba haina mwaliko."

"Madam, mtu akikualika huwezi kupita tu hivi hivi."

"Mkatae kwa heshima."

Alicheka hadi akatafuta kiti. Kisha akatia sahihi kwa kalamu yangu na kuondoka nayo.

Jumatatu, 14 Julai
Wameanza Ngong saa moja asubuhi. Baridi kali. Faili la njano la mgeni, lenye nakala tatu za kila kitu, limebaki kwangu.

Alhamisi, 17 Julai
Vumbi. Hakuna habari. Nimepanga faili kwa rangi.

Jumapili, 20 Julai
Kulingana na ratiba walale Isinya. Hawako Isinya. Nilimpigia Sironka akaniambia wamekunywa chai kwa boma nne tangu asubuhi, na ya tano inachemka. Nilisikia Halina kwa nyuma akisema "Ahsante sana, imetosha," na mtu akimwongezea.

Huyu Sironka ni mzembe. Nimeandika hivyo kwenye ripoti ya wiki, lakini kwa lugha nzuri.

Ijumaa, 25 Julai
Nimeenda Kajiado mjini kuwakagua. Halina amekuwa mwekundu usoni, na goti limefungwa kitambaa cha shuka. Anacheka muda wote. Anajua sasa kusalimia watu kwa Kimaasai, na wanawake sokoni walikuwa wanarudi mara ya pili ili wasalimiwe tena.

Sironka alinipokea. "Takwenya, Madam Makaratasi."

Nikamjibu "Mzuri," kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na kwa sababu jibu lenyewe nilikuwa nimelisahau.

Nilikagua pasipoti ukurasa kwa ukurasa na kumkumbusha Halina kwamba kuanzia Ilbisil njia inakaribia mpaka. Asivuke popote isipokuwa Namanga, penye ofisi, afisa na muhuri. Aliandika kwenye kijitabu chake. Sironka alikuwa akitazama mbuzi wa watu.

Siku kumi na sita zimebaki.

Jumatano, 30 Julai
Leo nusura nife. Halina alinitumia ujumbe saa saba mchana: "Simu yangu yasema Karibu Tanzania!" Nilikuwa nakula. Niliacha chakula, nikampigia Sironka mara kumi na moja.

Alipopokea alikuwa mtulivu kabisa. "Tuko Kenya, Madam. Hiyo ni network tu. Hapa simu inavuka kabla ya mtu."

Nilimlazimisha anitumie picha ya kitu cha Kenya. Akanitumia picha ya chifu. Chifu mwenyewe alikuwa amekasirika kuliko mimi.

Ijumaa, 1 Agosti
Karibu Tanzania tena. Picha ya chifu mwingine.

Jumamosi, 2 Agosti
Karibu Tanzania, mara ya tatu. Sikupiga simu. Nilikuwa nafua, na nimechoka kusumbua machifu.

Jumapili, 3 Agosti
Nimetoka kanisani nikakuta picha kwenye simu. Halina amesimama mbele ya boma, amevaa shanga shingoni, amemkumbatia kondoo jike mwekundu mwenye uso mweusi. Chini ameandika: "Nimepewa zawadi na Nalangu, dada yake Sironka! Sasa mimi naye hatuitani majina. Twaitana Pakerr!"

Jambo hili nalijua kidogo kwa kuishi huku. Kwa Wamaasai, aliyekupa kondoo na wewe uliyepewa mnaacha majina yenu. Mnaitana Pakerr hadi mmoja wenu azikwe. Ni desturi nzuri, na ningeifurahia zaidi kama nisingeona kitu nyuma ya Halina. Ukutani palikuwa na bango la uchaguzi lililopauka, na mgombea hakuwa wa Kenya.

Nikampigia Sironka.

"Sopa, Madam."

"Dada yako anaishi wapi?"

"Hapo tu. Nyuma ya hiyo kilima."

"Kilima cha nchi gani, Sironka?"

Nilisikia kengele za ng'ombe.

"Kuna nguzo ya saruji mlipita? Fupi, ya mpaka?"

"Tuliiona. Mama Halina alikalia hapo juu akatoa mawe kwa kiatu."

Niliketi kwenye ngazi ya kanisa na nguo zangu nyeupe. Nilimuuliza, kwa sauti ambayo mchungaji aligeuka kuitazama, kama anaelewa amefanya nini.

"Madam, Nalangu alinibeba mgongoni nikiwa mtoto," akasema. "Nikipita karibu hivyo na mgeni bila kumsalimia, nitaambia watu nini? Sisi tunavuka kila siku. Ng'ombe wanavuka. Nilifikiria mpaka ni ya magari."

"Mrudishe kondoo kwa mwenyewe, halafu mrudi Kenya."

"Tumesharudi Kenya. Tumerudi na kondoo. Kumrudisha ni kuvuka tena. Na ukirudisha zawadi kama hiyo, umemtusi mtu na watoto wake."

Nilikata simu. Mgeni wangu, mwenye nakala tatu za kila kitu, ametoka nchini bila muhuri, akaingia nchi nyingine bila muhuri, na amerudi bila muhuri akiwa na mfugo.

Jumatatu, 4 Agosti
Nimemwambia Soipan. Alishika kichwa, kisha akakiachilia.

"Pasipoti inasema nini?"

"Inasema hajatoka Kenya tangu Mei."

"Basi hajatoka. Si wewe husema karatasi haidanganyi? Nyamaza, apigwe muhuri avuke, uandikwe kazi."

Nilirudi mezani nikakaa. Ni kweli mimi husema hivyo. Nimesema hivyo tangu nikiwa kiranja wa darasa la sita. Faili la njano halina doa, na ndani yake mna uongo mtupu, na ni mimi niliyelipanga.

Nilichukua karatasi safi nikaandika ripoti ya yote yaliyotokea, kurasa mbili na ramani ndogo, na alama ya msalaba kwenye ile nguzo. Nimeiweka nyuma kabisa ya faili. Sijaamua nitaifanyia nini. Naogopa kukosa kazi, na naogopa zaidi yule mama akirudishwa kwao kwa ndege kwa sababu yangu, na goti lake lile.

Jumatano, 6 Agosti
Wametembea kilomita sita tu. Eti kondoo anachoka haraka. Nikauliza kama hawezi kubebwa. Sironka akasema anabebwa tayari, wanapokezana.

Alhamisi, 7 Agosti
Kilomita tano. Siku tatu zimebaki. Halina amekataa kata kata kumwacha kwenye boma la njiani. "Pakerr ataniuliza habari zake," anasema. Nimekula daftari zima la biskuti.

Nimeandika daftari. Nilimaanisha paketi. Ndivyo nilivyo leo.

Jumamosi, 9 Agosti
Niko Namanga tangu jioni. Hawajafika. Upepo unapeperusha vumbi mpaka chai ina mchanga.

Jumapili, 10 Agosti
Nataka kuandika hii kwa utaratibu.

Walifika saa nne asubuhi, siku ya tisini. Halina mbele na fimbo, akichechemea. Sironka nyuma na kondoo mabegani, miguu minne kifuani mwake. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza Sironka kwa lugha zote ninazozijua. Lakini viatu vyake vya tairi vilikuwa vimekatika, na mguu mmoja ulikuwa na damu, naye alikuwa bado anamwambia Halina polepole, polepole, tumefika. Nilimpa maji nikanyamaza.

Tulimfunga kondoo nje kwenye mti. Ndani, upande wa Kenya, tulihudumiwa na afisa anayeitwa Leshan, kijana nadhifu mwenye kola iliyonyooshwa. Halina akamwambia "Shikamoo." Leshan, ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, alikohoa akajibu "Marahaba, mama," na akaona haya.

Akafungua pasipoti. Akafungua faili la njano. Akapekua kurasa za mwanzo kwa heshima, naye mtu wa karatasi, nikaona.

"Hii faili ni safi sana," akasema. "Ni nani ametengeneza?"

"Mimi," nikasema, na uso ukawaka moto.

Aliinua muhuri. Naapa aliuinua. Na hapo nje kondoo akalia.

Leshan akageuza shingo. Kondoo akalia tena, kwa uchungu, kama aliyefiwa. Leshan akaweka muhuri chini, akatoka, nami nikachukua faili, tukamfuata. Alichuchumaa, akamshika sikio la kulia, akalikunjua kwa kidole. Nilikuwa sijawahi kulitazama. Lilikuwa limekatwa pembeni mara mbili, na ncha imetolewa.

"Huyu ametoka kwa kina nani?" akauliza.

Sironka aliinama kutazama viatu vyake vilivyokatika.

"Mimi nimezaliwa hapa nyuma," akasema. "Kila boma inakata masikio ya mifugo vile inajua. Hii najua. Marehemu babu yangu alinunua beberu kwao. Hawa watu wako upande ule." Alinyoosha kidole kusini bila kuangalia.

Nikawaza: nimebeba nakala tatu za kila kitu kutoka Kitengela, na katika msafara wote mwenye muhuri ni kondoo.

Ilikuwa rahisi kusema tumemnunua sokoni Ilbisil. Mifugo ya upande ule huuzwa huku kila wiki. Nilimwona Sironka akifungua mdomo, nikajua atasema hivyo, na moyoni nilikuwa nikimwomba aseme.

"Ni makosa yangu," Sironka akasema. "Mama hakujua. Huyu madam pia hakujua, yeye alikuwa Kitengela, na alikuwa amenikataza. Mimi ndio niliwapeleka kwa dada yangu. Ukitaka kuandika mtu, andika mimi."

Na mimi nilikuwa nimemwandika mzembe kwenye ripoti. Leshan angeweza kumfungia kazi ya kuongoza wageni, na hiyo ndiyo kazi pekee aliyo nayo tangu kiangazi kimalize ng'ombe wake. Niliona aibu. Nikatoa zile kurasa mbili nyuma ya faili nikampa Leshan.

Alisoma yote akiwa amesimama, pamoja na ramani.

"Umeweka hadi nguzo," akasema.

"Na alipokalia."

Aliguna, akasema jambo hili si lake kuamua, ni la mkubwa wake. Mkubwa wake alikuwa kanisani, na mhubiri wa leo hakuwa na haraka. Tulingoja tangu saa tano. Saa saba. Saa nane. Kibali kinaisha leo, na kesho Halina atakuwa na makosa mawili. Alikaa kwenye benchi ameshika fimbo, hakulia, ila alirudia mara nyingi kwa Kiingereza kwamba ni mita mia tatu tu. Na kweli, ukisimama mlangoni unaona upande wa pili watu wakila mahindi ya kuchoma.

Mkubwa alifika saa tisa na nusu na Biblia mkononi. Alisoma ripoti yangu mara mbili. Aliongea na wenzake wa Tanzania kwenye kaunta ya pili. Alimhoji Halina peke yake, kisha Sironka peke yake, kisha mimi. Mwishowe akasema kwa kuwa wamejitokeza wenyewe na maandishi yanalingana, Halina atapewa onyo la maandishi, Sironka pia, na nikasikia muhuri ukigonga. Mara moja. Kisha ule wa Tanzania.

Nililia. Halina naye akalia. Leshan alitafuta kitu chini ya meza.

"Na kondoo?" Halina akauliza.

"Kondoo si wangu," mkubwa akasema. "Kondoo ni wa daktari wa mifugo." Daktari akasema hatoki hapo bila kukaa kando siku kumi na nne, kupimwa, na kupata kibali cha kusafirishwa. Kuvuka naye ndiyo isahaulike.

Halina alinigeukia. "Nalangu alinipa mimi. Mimi nakupa wewe, Purity. Waniitaje sasa?"

Nilimwambia mimi naishi ghorofa ya pili.

"Waniitaje?"

"Pakerr," nikasema.

Akageuka akaondoka, akichechemea, kwa miguu. Sikuondoa macho hadi alipowafikia wale wa mahindi.

Jumanne, 12 Agosti
Soipan amesoma nakala ya ripoti. Hajaniongelesha. Sijui kama hii ndiyo amani yenyewe.

Jumanne, 26 Agosti
Kondoo amefika Kitengela. Ana cheti cha afya, kibali cha safari na risiti ya dawa ya kupe. Nimemfungulia faili la kijani. Jinsia, rangi, alama za mwilini. Ana karatasi nyingi kuliko Halina.

Mama Sheryl, mwenye nyumba, alisimama chini ya ngazi mikono kiunoni. "Purity, mkataba unasema hakuna mnyama."

Nikausoma mkataba. Unasema hakuna mbwa, paka wala kuku. Nikamwonyesha. Amenipa mwezi mmoja, uani, karibu na tangi.

Alhamisi, 4 Septemba
Picha kutoka kwa Halina! Mlima wote uko wazi nyuma yake, na goti limefungwa lile shuka. "Pakerr, nimefika. Kwa miguu." Nimeionyesha watu wote wa jengo, hata mafundi wa maji.

Jumapili, 14 Septemba
Mama Sheryl alinigongea kabla ya kanisa. "Purity, shuka uone mambo yako."

Wako wawili. Mdogo ana uso mweusi, miguu inacheza, anatafuta titi mahali pasipo na titi. Nikampigia Sironka.

"Ulijua?"

"Kila mtu alijua, Madam. Si uliona akibebwa? Nilidhani umeandika kwa faili."

Sikuandika. Wala daktari hakuandika. Kumbe tarehe ile mpaka ulivukwa na mmoja ambaye hakuna aliyemhesabu. Nimefungua faili lake. Mahali pa kuzaliwa: Kitengela, karibu na tangi. Nikakaa uani nikimtazama akianguka na kuinuka, nikakumbuka mguu wa Sironka na damu yake, na jinsi alivyosema andika mimi. Nikampigia tena nikamwambia mdogo akiacha kunyonya ni wake.

Akaniomba nirudie. Safari hii hapakuwa na kengele za ng'ombe.

Jumatatu, 15 Septemba
Soipan ameniwekea bahasha mezani. Kazi ya kudumu. Alisema ofisi ya Namanga ilimpigia kuuliza kama wageni wengine wa kampuni watakuja na faili kama lile. Nimesahihisha tarehe mbili kwenye barua hiyo, nikatia sahihi.

Saa nne Sironka akaingia, na viatu vipya, na kalamu yangu mfukoni. Hakuniita Madam Makaratasi.

"Pakerr," akasema. "Kuna Mkorea amefika Ngong, anataka kutembea. Na dada yangu Nalangu ameshasikia."

Nilichukua faili jipya, nikatafuta kalamu, nikakumbuka iko wapi, nikanyoosha mkono anirudishie. Kisha nikamuuliza Nalangu amebaki na kondoo wangapi.